Mlima Uliokataa Kuanguka

Watu wa Itaporema walimpenda Ivonete Sarmento kwa mwaka mmoja na ushei, kisha wakamchukia kwa bidii ambayo hawakupata kuionyesha katika kazi nyingine yoyote.

Kabla ya kuwa meya alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake ilikuwa juu ya duka la viatu, mkabala na kanisa kuu, na kwa miaka mingi mji mzima ulipanda ngazi zile ukiwa umeshika shavu. Alimjua mtu kwa magego yake kuliko kwa jina. Hakuwa mcheshi. Alikuwa na mikono myepesi na ulimi mzito, na watu walisema kwa daktari wa meno ni afadhali iwe hivyo kuliko kinyume chake.

Kilichomtia kwenye siasa ni maiti. Januari moja mvua ilinyesha juma zima bila kuvuta pumzi, na mlima wa Tangi, ule wa nyuma ya kituo cha zamani cha reli, ukaporomoka alfajiri pamoja na nyumba, mabanda ya kuku, magari na watu waliokuwa wamelala. Miili mingine ilipofukuliwa haikutambulika kwa sura. Ndipo akaitwa Ivonete. Alisimama ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, amevaa mabuti ya mpira, akifungua vinywa ambavyo alikwisha kuvifungua vikiwa hai.

"Huyu ni Neuzeli, muuza maua," alisema. "Huyu ni mtoto wa fundi saa. Jino hili nimeliziba mimi mwenyewe, kabla ya Krismasi."

Baadaye sauti ilimkauka, akawa anawaandikia polisi majina kwenye karatasi bila kuinua uso.

Alipogombea umeya hakuwa na wimbo wala kofia za kugawa. Alisema jambo moja tu kila aliposimama: hakuna mtu wa mji huu atakayelala tena chini ya mlima unaotembea. Watu walikuwa bado na udongo wa makaburi kwenye viatu. Walimpa kura mpaka wapinzani wake wakaona haya kuhesabiwa.

Mlima uliofuata ulikuwa Sabiá. Wataalamu wa miamba walikuja kutoka mji mkuu wa jimbo, wakauchoma mlima kwa vyuma virefu kama watu wanaojaribu keki, wakasema: na huu nao unakwenda. Lini? Hilo hawakujua. Labda mvua hizi, labda zijazo, labda wajukuu zetu ndio watakaouona. Ivonete alisikia neno la kwanza tu. Hakungoja.

Sabiá hakukuwa na vibanda vya mabati. Kulikuwa na nyumba za matofali za orofa mbili tatu, zilizojengwa Jumapili baada ya Jumapili na wajomba na mashemeji, zege likipandishwa kwa ndoo na nyama ya nguruwe ikichomwa pembeni. Mtu wa Sabiá alikuwa akizaliwa chini, akioa alijengewa juu ya baba yake. Watu hao meya aliwahamishia Bela Vista, mtaa mpya wa maghorofa ng'ambo ya barabara kuu. Aliyeupa mtaa ule jina hilo, yaani mandhari nzuri, hakuwa amefika. Hakukuwa na kanisa wala duka la mikate, na basi lilipita lilipojisikia. Waliokubali walihama na magodoro yao vichwani. Waliokataa waliletewa amri ya mahakama, askari, na tingatinga la rangi ya manjano.

Miongoni mwa waliokataa alikuwepo Adauto Rezende, fundi wa kupaka magari rangi, mtu mrefu aliyeinama kidogo kama anayesikiliza jambo. Nyumba yake ilikuwa ya orofa tatu: chini mama yake, katikati yeye na mkewe, juu binti yao na mumewe. Siku ya tingatinga hakupigana wala hakutukana. Alitoa kiti cha jikoni, akakiweka barabarani, akakaa kutazama mpaka ukuta wa mwisho ulipolala. Kisha akainuka, akakibeba kiti chake, akaenda zake.

Mama yake, Dona Eulina, alipewa nyumba orofa ya nne huko Bela Vista. Lifti haikuwepo, na magoti ya bibi yule yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Akawa hashuki. Alikaa dirishani akitazama malori, na mwaka uliofuata akafa. Madaktari walisema moyo. Adauto alisema ngazi.

Msimu wa mvua ukaja, mlima ukasimama. Ukaja wa pili, mlima ukasimama vilevile, na juu ya vifusi vya nyumba zikaota nyasi nzuri za kijani, hata mtu akaanza kulisha mbuzi pale. Ndipo mji ulipomgeukia meya wake. Walianza na jina: Mama Tingatinga. Kisha salamu. Alipoingia kununua vimkate vya jibini asubuhi, mtu wa nyuma kabisa aliinua kikombe chake cha kahawa na kuuliza kwa upole mkubwa, "Mlima u hali gani, Daktari? Bado mgonjwa?" Na duka zima, watu aliowang'oa meno bila kuwaumiza, waliangua kicheko na kuonyesha kazi ya mikono yake.

Wangemzika Neuzeli na mtoto wa fundi saa mara ya pili kama ingewasaidia kusahau. Mlima wa Tangi haukutajwa tena. Ukitajwa, mtu alisema, ah, ule ulikuwa mlima mwingine.

Dada yake mkubwa, Zuleica, mjane aliyeishi naye, ndiye aliyeenda sokoni. Alirudi na nyanya zilizopondeka.

"Wameniambia nizipeleke Bela Vista, zikahamie huko," alisema, akizimwaga kwenye beseni.

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia meya wenu hapendi nyanya. Nimekukana, mdogo wangu, kama Petro. Ila mimi jogoo hakuniwikia, bei ndiyo ilipungua."

Kisha watu wakaanza kurudi Sabiá. Mwanzo walipanda sukuma wiki tu na viazi vitamu mahali palipokuwa na sebule zao. Halafu kibanda cha kuwekea majembe. Halafu kitanda ndani ya kibanda. Adauto alikuwa wa kwanza kuweka kitanda. Meya alitaka kutuma askari; madiwani wote, hata wa chama chake, walikataa kupitisha. Naibu wake, Genésio Portela, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na meno meupe ambayo hayakuwa yake, alimshika mkono kwenye korido.

"Waache, Daktari. Mvua ikija watashuka wenyewe. Binadamu si mbuzi."

"Mbuzi wangeshuka," alijibu Ivonete.

*

Mwaka wa mwisho wa muhula wake, Jumapili moja ya Januari, mvua ilianza katikati ya misa ya pili, ikaja ghafla kama lori la kokoto linalomwagwa. Padri aliinua sauti, kisha akaacha kuhubiri. Kapteni Wanderlei, mkuu wa kikosi cha uokoaji, alimpigia simu meya, ambaye alikuwa bado kwenye benchi la kanisa.

"Kipimo kimepita mstari mwekundu. Nipige king'ora?"

"Piga. Nipitie hapa."

King'ora kililia juu ya mji. Walipofika chini ya Sabiá, barabara ilikuwa mto wa maji mekundu yanayokokota matawi na kiatu cha mtoto. Wengi wa waliorudi mlimani walikuwa wameshuka, wamejibanza chini ya paa la kituo cha mafuta, vyerehani na televisheni zikiwa zimefunikwa kwa mapazia ya bafuni.

"Adauto na wenzake wamegoma," Kapteni alisema. "Wako juu wanacheza karata. Nimewabembeleza mpaka nimechoka."

"Nitapanda mimi."

"Mama, kule hakufai."

"Wewe unakwenda au huendi?"

"Nakwenda."

"Basi twende."

Walipanda kwa kushika nyasi. Mwavuli wa meya ulipinduka, akautupa. Kibanda cha Adauto kilikuwa juu ya sakafu ya nyumba yake ya zamani. Vigae vya buluu vya jikoni kwa mama yake bado vilionekana chini ya miguu ya meza. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kuizunguka, karata mikononi, birika likichemka kwenye jiko la gesi.

"Karibu, Mheshimiwa Meya," alisema Adauto bila kuinuka. "Umelowa. Kahawa?"

"Adauto, shuka. Nakuomba."

"Mara ile hukuomba."

"Mara ile niliomba miezi, ukanifungia mlango. Ndipo nikaja na amri."

"Leo umekuja na nini?"

"Na mvua."

Wenzake walicheka. Adauto alimimina kahawa taratibu. "Mvua hii babu yangu aliita umande."

Kapteni alikuwa amezunguka nyuma ya kibanda. Alirudi uso umempauka. "Meya, njoo uone." Ufa ulikuwa umefunguka ardhini hatua chache kutoka ukutani, upana wa kiganja, na maji yalikuwa yakiingia humo yakigugumia kama mtu mwenye kiu. Vijiwe vilianza kuteremka, kimoja, viwili, vikigonga bati. Na ndipo, ndani kabisa ya mlima, ukasikika mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu wa orofa ya juu anayeburuta kabati zito.

Mmoja wa wachezaji alibaki ameinua karata hewani.

Hapo hapo Ivonete alisikia kitu kikimpanda kifuani, akadhani ni hofu. Lakini hofu aliijua; aliifahamu tangu kwenye ukumbi wa shule. Hiki kilikuwa kitamu. Kilikuwa furaha. Sasa, alijiambia. Sasa wataona. Aliiona kesho yote mara moja: redio ikitangaza, duka la mikate limekaa kimya, vikombe vimeganda hewani, Genésio amefumba mdomo wake wa meno ya kununua, mji mzima umeinamisha kichwa. Aliona hata ukumbi wa shule, na yeye ndani yake na mabuti yake, akifungua kinywa cha Adauto kilichojaa udongo, akisema huyu ni Rezende, fundi rangi. Na picha hiyo haikuizima furaha. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka kuliko yote: kwamba aliiona, na haikuizima.

*Anguka,* aliuambia mlima. *Anguka basi.*

Alipogeuka, Adauto alikuwa akimtazama. Mtu yule alikuwa amelala kwenye kiti cha kliniki yake mara nyingi, taa usoni, hana kingine cha kutazama ila macho ya Ivonete juu ya barakoa. Aliyajua. Aliweka kikombe chini.

"Unauombea uanguke," alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja saa. "Na sisi tukiwemo."

"Sijasema kitu."

"Midomo yako imesema."

"Jamani, shukeni!" Kapteni alipiga kelele. "Shukeni sasa hivi!" Wenzake Adauto wakatupa karata, wakakimbia wakiteleza kwa makalio. Adauto aliwafuata wa mwisho, bila haraka, birika mkononi. Hakumpa meya mkono aliposhuka, wala hakumsukuma.

Walikaa kituo cha mafuta wakingoja. Mvua ilipungua, ikawa manyunyu, ikakoma. Mchana jua lilitoka. Sabiá ulikuwa umesimama pale pale, nyasi zake zinang'aa, mvuke unapanda mgongoni kama wa punda aliyeogeshwa. Mtu mmoja alianza kucheka. Mwingine akachukua sufuria, akaigonga kwa kijiko, na mara kituo kizima kikawa ngoma.

"Haujambo!" walipiga kelele. "Mlima haujambo!"

Walipanda wakarudi, wakimpita meya wao aliyelowa chapachapa, wengine wakimwinamia kwa adabu ya dhihaka. Adauto peke yake hakucheka. Alimtazama mara moja, akabeba birika lake, akapanda. Ivonete alingoja habari zienee. Jumatatu alingoja, juma lile lote alingoja. Hakuna aliyemwambia neno. Adauto alikuwa amenyamaza, na Ivonete hakujua kama kunyamaza kule kulikuwa huruma au lilikuwa deni.

*

Februari ikaja na kanivali. Vijana wa mtaa wa Reli walitengeneza sanamu lake la makaratasi na gundi, refu kupita mlango wa kanisa, limepanda tingatinga, mkono mmoja usukani na mwingine umeshika koleo la kung'olea meno. Bendi ya matarumbeta ilitangulia, na umati ukaimba:

*Tingatinga, Mama Tingatinga,*
*nyumba umevunja, mlima unaringa!*

Ivonete na dada yake walitazama kutoka dirisha la ukumbi wa jiji, nyuma ya pazia.

"Pua wamekupunguzia," alisema Zuleica. "Shukuru."

"Yule aliyeshika mti wa sanamu ni nani?"

Zuleica alivaa miwani. Chini ya sketi ya sanamu, amefungwa kitambaa kichwani, jasho linamtiririka, Genésio Portela alikuwa akicheza kwa moyo wake wote.

"Ni naibu wako," alisema Zuleica. "Kwa kweli anajua kucheza."

Baada ya Jumatano ya Majivu Genésio alikuja ofisini, amenyoa, amevaa uso wa Kwaresima. Hakutaja sanamu. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Daktari, tuongee kama watu wazima. Wewe unajua hali ya mtaani na mimi naijua. Lakini kuna njia. Wape watu wa Sabiá hati za viwanja vyao. Kabla ya Juni. Weka ngazi ya saruji, weka taa, simama pale ulie kidogo. Watakubeba mabegani. Oktoba tunashinda: wewe meya, mimi naibu, kama kawaida."

"Na mlima?"

"Mlima umesimama."

"Ukianguka?"

Genésio alifungua viganja. "Ukianguka ni mapenzi ya Mungu. Nani atamshtaki Mungu?"

Ivonete alimtazama mdomoni. Seti ile ya meno hakuitengeneza yeye. Ilikuwa kazi mbaya, ufizi umekaa juu mno. Alifikiri kwamba mtu huyu, pamoja na uongo wake wote, hakupata hata siku moja kumtakia mtu wa Sabiá kifo. Aliwatakia saruji. Saruji yake mwenyewe, ndiyo, kwa bei yake mwenyewe, lakini saruji.

"Sigombei," alisema.

Genésio alichelewa kuuficha uso wake. Furaha ilipita pale kama panya sebuleni, kisha akaifunika kwa huzuni.

"Usiseme hivyo, Daktari. Ni hizi kura za maoni? Kura za maoni zinadanganya."

"Zinasema kweli. Lakini si hizo."

"Basi umechoka. Una haki ya kuchoka."

"Waambie nimechoka."

"Na mimi... chama kikiniuliza..."

"Chama kimekwisha kukuuliza, Genésio. Funga mlango ukitoka."

Jioni ile, jikoni, alimwambia dada yake. Zuleica alikuwa akikata sukuma wiki, majani ameyakunja kama sigara, kisu kinakwenda nyembamba, nyembamba. Maharage yalikuwa motoni. Ivonete alisema yote: ule mlio, ile furaha, kinywa cha Adauto.

"Nilitaka uanguke, dada. Na watu ndani."

Kisu hakikusimama. "Kutaka si kutenda."

"Mimi si mtu wa kupita njia. Nilipewa watu wale mkononi."

"Ukapanda mlima kwenda kuwashusha. Kwa miguu yako, mvua ile. Mtu anayetaka watu wafe hukaa nyumbani."

"Nilipanda kwa sababu ni kazi yangu. Nilipofika juu ndipo nikajua ninachokitaka." Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Siwezi kuwaomba kura watu ambao... Ndiyo maana naondoka. Ni jambo la heshima, nadhani."

Hapo Zuleica aliweka kisu chini.

"Ondoka, mdogo wangu. Mimi nitafurahi, nitakula nyanya nzima. Lakini mbele yangu usilivalishe jambo hili heshima. Laiti Adauto angekuwa anatazama karata zake saa ile, ungegombea. Ungeshindwa, lakini ungegombea. Huondoki kwa sababu umejiona. Unaondoka kwa sababu umeonekana."

Ivonete alikaa. Maharage yalifurika, yakazima moto, na ilichukua muda kabla hata mmoja wao hajainuka.

*

Alitangaza kupitia redio ya mji. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika maneno ya kweli, au karibu na kweli: kwamba kiongozi anayeanza kuwatakia watu wake mabaya ili athibitike kuwa sahihi hafai, hata kama yu sahihi. Aliyasoma akiwa peke yake, akayaona mazuri, na kwa sababu aliyaona mazuri akayachana. Mbele ya kipaza sauti alisema ni sababu za kifamilia. Mtangazaji, kijana ambaye Ivonete aliwahi kumfungia meno waya, alimshukuru kwa utumishi wake. "Hatimaye," alisema, kisha akajirekebisha: "Hatimaye, wasikilizaji, tusikilize muziki."

Fataki zililipuka kabla wimbo haujaisha. Zilianzia mtaa wa Reli, zikajibiwa Bela Vista, zikamalizia Sabiá, mchana kweupe, moshi tu na mshindo, kama siku timu ya mji inapochukua kombe. Mbwa walijificha chini ya magari. Mtu alivuta kengele ya kanisa mpaka padri akatoka na kandambili kumfukuza. Ivonete alirudi nyumbani katikati ya shangwe hiyo, na wengi walimsalimia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu kumsalimia vizuri. Walikuwa na furaha, na furaha haichagui.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ameiba vya kutosha. Wengine walisema ana ugonjwa. Waliomtetea, wachache, walisema mji umemchosha mtu mwema, na hao ndio waliomuuma zaidi, maana alilazimika kuwaitikia kwa kichwa.

Genésio alishinda Oktoba kwa kura nyingi kuliko alizowahi kupata Ivonete. Kabla ya Krismasi hati za viwanja zilikuwa zimechapwa, na malori ya saruji yalipanda Sabiá yakiimba kwa gia ya kwanza.

Kabla ya kuhama mji Ivonete alikutana na Adauto mara moja. Fundi alikuwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, anapakia mifuko kwenye kigari, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Ivonete angeweza kuvuka barabara. Hakuvuka.

"Nasikia unahama, Daktari."

"Nahama. Nimepata kazi zahanati ya serikali, kule pwani. Zuleica anabaki na nyumba."

"Vizuri." Alipanga mfuko juu ya mwenzake. "Pwani hakuna milima."

Ivonete alisimama. Alikuwa na neno la msamaha, amelibeba tangu Januari, akaliona dogo.

"Hukumwambia mtu," alisema.

"Sikumwambia."

"Kwa nini? Ungenimaliza siku moja."

Adauto alijipangusa mikono kwenye suruali. Hakuwa na hasira. Labda alikuwa nayo zamani ikaisha, kama rangi inavyoisha kwenye kopo lililoachwa wazi.

"Ningewaambia wangekutukana kidogo, kisha jambo hilo tungelibeba wote, mji mzima. Lingekuwa jepesi," alisema. "Mama yangu alikaa na dirisha lake peke yake. Nikaona na wewe ukae na lako."

Aliinua mikono ya kigari, akaegemea mbele, akaanza kusukuma kupanda mlima.

*

Huko pwani, hakuna aliyemjua ila kama daktari mwenye mikono myepesi. Wagonjwa walimpenda. Aliishi chumba kimoja na jiko, na jioni alitembea ufukweni na viatu mkononi. Januari ilipofika, redio ilianza kutaja mvua za milimani, na yeye akaanza kuizima redio, kisha kuiwasha, kisha kuizima.

Siku moja ilitangazwa kwamba mito imefurika na barabara ya Itaporema imekatika. Alifunga zahanati mapema. Simu ya dada yake haikupatikana asubuhi wala mchana. Ilipopatikana, Zuleica alikuwa akipumua kwa nguvu, amepanda ngazi.

"Tuko wazima," alisema. "Maji yaliingia mpaka kwa muuza viatu, yakatoka. Umeme umerudi sasa hivi."

"Na Sabiá?"

"Umesimama. Nimetoka kuutazama kwa macho yangu, nilijua utaniuliza. Adauto amefikisha orofa ya pili, kaipaka rangi ya kijani, mbaya ajabu." Alingoja jibu. "Nete? Umenisikia? Mlima umesimama, watu wote wazima."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye mchanga. Ivonete alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mungu ashukuriwe," alisema.

"Mbona umechelewa kujibu?"

"Ni laini," alisema Ivonete. "Laini za huku ni mbovu." Na laini ilikuwa safi kiasi kwamba alimsikia dada yake, mbali kule milimani, akivuta kiti na kukaa.